Nyekundu ya Bernard, Buluu ya Daulat

Sitatunga, Kitale
14 Septemba 2024

Kwako Baba Nyakundi,

Huko kwenye baridi hujambo? Sisi tuko, Mungu hajatuchoka. Nitaendelea kukuita Baba kwa sababu umebeba jina la baba yangu, hata kama huko wanakuita Wayne, jina ambalo marehemu kaka yangu alilisikia redioni akalipenda kabla hajajua ni la watu gani.

Kemunto ananiambia nipige simu, niache kuchosha macho. Binti yangu huyo hajui kwamba simu ya nyumba hii ina masikio ya mtaa mzima. Akiiweka sauti ya juu, hata anayekamua ng'ombe anachangia. Simu ni ya wote, barua ni yangu na wewe. Hii anaibeba mke wa rafiki yako Kipchirchir, aliyekuja kumzika mama yake Moi's Bridge. Mpe pole, mama yule alikuwa mtu wa watu.

Mahindi yamekauka vizuri na kware wanakula wanachoweza. Ng'ombe mweusi amezaa ndama dume tena, kana kwamba anatukomoa. Kemunto amepata kazi ya kufundisha watoto wa chekechea Kiminini, na sasa anatusemesha sote kama tuna miaka minne.

Sasa neno lenyewe. Trekta yetu imekufa. Ilizimika njiani nikivuta trela ya mawe ya jirani. Fundi alikuja, akafungua, akatazama ndani, akavua kofia. Nikajua huo ni msiba. Injini imepasuka, na hata akiiziba leo itapasuka kesho.

Nimetafuta, nikapata mbili. Moja ni nyekundu, ya mzee Bernard wa Endebess, ameacha kulima kwa sababu ya magoti. Ni nzee lakini ni ya mkono mmoja, haijawahi kukodishwa. Haina paa, ina madigadi mapana juu ya magurudumu, kama ile yetu. Ya pili ni ya buluu, iko kwenye yadi ya Daulat mjini. Hiyo imetoka ng'ambo ikiwa imetumika, ina kebini ya vioo na feni. Bei zinakaribiana. Ule mchango ulioutuma nimeuweka, na wangu upo.

Unajua ninavyoishi. Januari hadi mvua ya Machi ndipo ninapolimia watu, na hiyo miezi ndiyo inayolisha mwaka mzima. Nisipokuwa na trekta Januari, wateja wangu watachukuliwa na mwingine, na mteja wa kulimiwa akishahama amehama.

Lakini ulisema Desemba unakuja. Basi nitangoja uchague wewe kwa mikono yako. Uliyakalia madigadi yangu tangu hujajua kusoma, trekta unaijua. Daulat ananipigia kila siku ya Mungu, lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ni mimi shangazi yako,
Nyanchama


Jane na Finch, Toronto
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumapili, mlangoni mwa kanisa. Mke wa Kipchirchir aliitoa kwenye pochi ikiwa imekunjwa mara nyingi, na nilipoifungua ilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwako. Sikuisoma pale. Nilipanda basi nikiwa nimeishika tu, kisha nikaisoma humo, nikapitiliza kituo changu.

Nimeumia kusikia habari za trekta. Najua ni chuma, lakini nimelia. Watu wa basi lile wameshazoea kuona mtu akilia, hakuna aliyeuliza.

Mimi ni mzima. Bado niko kwenye kiwanda cha mikate, upande wa kufunga. Ghorofa letu lina wanafunzi wengi wa chuo cha karibu na Wakongo wanaocheka hadi ukuta unatetemeka. Jirani yangu mama Goretti, wa Uvira, ananiletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumamosi, na mtoto wake ninamsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Majani yameanza kuwa mekundu na kudondoka. Huku wanatoka na magari kwenda kuyatazama. Mimi nikiyaona najua tu ni baridi inakuja.

Kuhusu trekta, chukua ile ya buluu. Kemunto amenitumia picha na pia ameniambia usichoniambia, kwamba unakohoa tangu msimu uliopita na ukitoka shambani unatema vumbi. Kebini ya vioo itakukinga dhidi ya vumbi na jua. Kipchirchir amelelewa kati ya matrekta kwenye mashamba ya kule Ziwa, nimemwonyesha, akasema, "Hiyo ya blue iko poa, lakini mwambie mathe asikubali ipigwe stata kabla hajafika. Hao watu wa yadi huamka mapema wanaipasha moto, ukifika inawaka kama mpya."

Kwa hiyo nenda bila kuaga. Shika injini kwa mkono, ikiwa moto, rudi nyumbani. Ikiwa baridi, waambie waiwashe na utazame moshi. Mweusi kidogo si neno, wa buluu inakula oili, mweupe usioisha ni maji yanaingia. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Usingoje, Shangazi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Msalimie Kemunto, na ndama.

Wayne


Sitatunga
2 Novemba 2024

Baba Nyakundi,

Nimepata barua yako, na nimegombana na Kemunto. Kikohozi ni changu, hakuna aliyemtuma akitangaze Kanada. Ni vumbi tu. Mtu anayelima akose vumbi atakuwa analima wapi?

Kwingine tuko salama. Tumevuna, na magunia yamejaa hadi tunalala na mahindi. Mama Goretti nimempenda bure kwa hiyo sombe. Mwambie siku moja nitamlipa kwa mchicha wa kwetu.

Nilifanya ulivyosema. Nilimvamia Daulat asubuhi hata hajafungua lango vizuri. Nikapita moja kwa moja, nikaweka kiganja kwenye injini. Akaniuliza, "Mama Nyanchama, unaipima homa?" Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe nitakupima ikiwa moto." Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ikawaka mara ya pili, moshi ukawa mweusi kidogo kisha ukaisha. Gia zinaingia bila kelele. Nyundo ya fundi wangu, niliyekwenda naye, haikupata mahali palipozibwa. Kwa haki ya Mungu, sikupata kosa.

Kesho yake nikaenda Endebess. Ya Bernard ilikataa kwanza, ikakohoa kama mimi, kisha ikawaka. Klachi imechoka na tairi moja ya nyuma itahitaji kubadilishwa. Lakini nilipokaa juu yake, Baba, nilikuwa kwenye kiti changu. Upepo usoni, na madigadi kulia na kushoto, mapana, mtu anakaa na chakula chake.

Ile ya buluu haina pahali pa mtu wa pili. Nimeizunguka nikitafuta. Ndani kuna kiti kimoja, na nje ni vioo, ukijaribu kushikilia utaanguka kabla ya kona. Sasa nani atatazama plau nyuma? Unakumbuka ulivyokuwa ukinigonga begani ukiona kisiki kabla mimi sijakisikia.

Basi sijaamua. Desemba imekaribia, tutaamua tukiwa wawili. Hujaniambia unapanda ndege tarehe gani. Kwenye barua yako nimetafuta hadi nyuma ya karatasi.

Shangazi yako


Toronto
24 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Theluji ya kwanza imeanguka, nikaikanyaga kwenda kazini, na viatu vyangu vikanionyesha kwamba nilivinunua kwa sababu ya bei. Nimepata vingine, usihofu. Kipchirchir na mke wake wanakusalimu. Wanasema kibuyu cha maziwa ya mursik ulichowafungia kilifika kikiwa kimelowesha sanduku lote, na sanduku hadi leo lina harufu ya nyumbani, hawataki kuliosha.

Nimeiona video ya Kemunto, ya buluu ikilima kipande cha majaribio. Niliisikiliza chini kwenye chumba cha kufulia, mashine zikiwa zimenyamaza, sauti ikiwa juu. Injini ni nzuri. Ninaliamini sikio langu, na sikio hilo ulilifundisha wewe. Kisha plau ikageuza udongo na nikausikia udongo wenyewe ukipinduka. Nikairudia hapo mara nyingi hata mwanamke mmoja aliyekuja na nguo zake akaniuliza ninatazama nini, nami nikamgeuzia simu aone.

Kuhusu kutazama nyuma, kebini ina vioo viwili vya pembeni. Ukivirekebisha utaona plau yote bila kugeuza shingo. Huhitaji mtu. Na hata kama ungemhitaji, ungemtafuta kijana wa hapo hapo. Kifua hakina spea, Shangazi. Mimi nimeona hapa wazee wanaovuta hewa kwa mashine.

Tafadhali mlipe Daulat. Uliza karatasi za umiliki, hakikisha namba ya injini inalingana, na akupe filta za akiba. Fanya hivyo wiki hii kama inawezekana. Januari ikifika bila trekta utapoteza watu wako, na mimi huku sitalala.

Kazi imekuwa nyingi. Watu hununua mikate sana kuelekea Krismasi.

Mwanao Wayne


Sitatunga
19 Desemba 2024

Wayne,

Leo nakuita hivyo.

Tuko wazima, ng'ombe ni wazima, Kemunto amefunga shule. Mwisho wa salamu.

Nimesoma barua yako yote kuhusu vioo na filta. Umeniandikia namba ya injini na hukuniandikia namba ya ndege. Nimefua blanketi. Chumba chako nimekipaka chokaa, na gunia la mahindi lililokuwa kitandani nimelihamisha. Jogoo mmoja hapa anajua siku zake zimehesabiwa, ananikimbia nikitoka nje.

Bernard ametuma mtu kusema kuna mnunuzi kutoka Kapenguria anaizunguka nyekundu. Nikamwambia angoje, mwanangu yuko njiani. Daulat naye anaapa ana mteja, lakini Daulat amekuwa na mteja tangu Septemba. Mwalimu wa kanisani ananiuliza nitamlimia lini, nikamjibu, "Nikishanunua." Akasema, "Mama, nimeskia hivyo Oktoba." Watu wameanza kutazama upande mwingine nikiwauliza mashamba yao.

Unasema nimtafute kijana wa hapo hapo. Wapo wengi. Nimewahi kuwabeba, na wote hutazama simu.

Sitaki kijana wa hapo hapo.

Kama kuna jambo, liseme. Mimi si mgonjwa wa moyo, ni mgonjwa wa vumbi.

Nyanchama


Toronto
12 Januari 2025

Shangazi yangu,

Barua yako ya Desemba imenifikia wiki hii, kupitia kwa binti mmoja wa kanisani aliyetoka likizo. Aliponipa alisema, "Huyo aunty wako alinishika mkono airport ya Eldoret akasema niikabidhi wewe mwenyewe, nisiache kwa mtu." Kumbe ulisafiri hadi Eldoret kuleta barua. Nimekaa na jambo hilo siku nzima.

Heri ya mwaka mpya. Ninajua haujawa na heri kwako.

Nilimsomea Kipchirchir kidogo. Nilikuwa nalalamika kwamba wewe ni mkaidi, kwamba trekta nzuri iko mbele yako na unang'ang'ania klachi iliyochoka. Alinisikiliza, kisha akasema, "Wewe Wayne, huoni? Huyo mathe hanunui trekta. Anakununulia wewe pa kukaa." Tulikuwa tunakula chapati mezani kwake, mke wake akaondoa sahani yangu kwa sababu aliona sitaendelea.

Shangazi, sikuja Desemba na sitakuja sasa. Kibali changu cha masomo kilikwisha, nikaomba cha kukaa, na maombi bado yapo ofisini. Ukienda kuuliza unaambiwa ungoje. Ninaruhusiwa kufanya kazi nikingoja, lakini nikivuka mpaka kabla ya jibu, huenda nisiruhusiwe kurudi, na yote niliyoyafanyia kazi hapa yatakuwa bure, hata mchango wa trekta. Nilipokuambia Desemba niliamini jibu lingekuwa limetoka. Oktoba nilijua halitatoka. Tangu hapo nimekuwa nikikuandikia habari za moshi na filta, maana hizo ndizo nilizoweza kuziandika.

Inaweza kuwa mwaka huu. Inaweza kuwa mwaka kesho. Sijui. Ningekuwa najua ningekuambia.

Ninakukumbuka kwa namna ambayo inaniaibisha, mtu mzima na ndevu. Nikipita kwenye maduka ya matairi kule barabara ya Finch ninapunguza mwendo kwa sababu ya harufu. Nikifunga mikate ninalima: mstari wa kwenda, mstari wa kurudi, kona, na wewe unaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya kushindana na injini ili usisinzie, nami ninashikilia taa ya madigadi, miguu haifiki chini. Sijakaa mahali pengine palipokuwa pangu namna ile.

Kama unataka nyekundu, chukua nyekundu. Nitaacha kubishana. Lakini usinunue kwa ajili ya mtu ambaye hajui atakuja lini. Nunua kwa ajili ya anayelima.

Nisamehe.

Nyakundi


Sitatunga
23 Februari 2025

Baba yangu Nyakundi,

Hujambo? Viatu vipya vinashika joto? Huku jua ni kali na ardhi ni ngumu, tunachomwa juu na chini. Ndama amekua, sasa anapiga watu vichwa. Kemunto ana mchumba, anadhani sijui. Kijana ni fundi umeme, ana adabu, na nilipompikia kuku alikula kila kitu isipokuwa kidole, kwa hiyo nimempitisha.

Barua yako nilipewa siku ya soko. Nilienda kuisomea kwenye ile trekta iliyokufa, kule nyuma ya ghala, maana hapo Kemunto hanifuati. Niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Nililia, na sikuficha, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo wa kumficha. Kisha nilikukasirikia kwa kunibebea mzigo huo peke yako miezi yote, ukinifundisha habari za moshi, mimi niliyekufundisha moshi. Kisha nikakasirikia hizo ofisi. Kisha nikaona jua linashuka na sijanunua trekta.

Asubuhi nilienda kwa Daulat. Aliponiona na fundi na pesa akanifungulia lango lote kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nimechukua ya buluu. Nyekundu alikwenda nayo yule mtu wa Kapenguria, nilikutana nayo barabarani ikivutwa. Nilisimama kando hadi ikapita.

Tangu hapo nimelima bila kupumzika. Nimewapoteza wateja kadhaa, siwezi kukudanganya, lakini mwalimu wa kanisani alinisubiri, na mwenzake akaniona shambani kwake akaja mwenyewe. Kikohozi kimepungua. Kemunto ananiambia nimeanza kulala bila kuamsha nyumba. Ulisema kweli, na nimekuandikia hivyo ili uweke karatasi hii mahali, sitasema mara ya pili.

Lakini sikiliza na haya. Siku ya kwanza nililima shamba la marehemu baba yako, lile litakalokuwa lako, maana ndivyo tunavyoanza kila mwaka. Nikafunga mlango wa kebini. Vumbi likabaki nje, upepo ukabaki nje, hata injini ilikuwa kama iko kwa jirani. Nikaanza kuimba, nikajisikia mwenyewe, sauti yote na ufa wake, nikaacha. Karibu na ile kona ya mkaratusi nikahisi plau imegonga kitu. Nikageuka kukuita utazame. Nikaona uso wangu kwenye kioo.

Nilizima injini, Baba. Nilikaa hapo katikati ya mtaro hadi Kemunto akaja mbio akidhani imeharibika. Nikamwambia ni mafuta. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika, na nilikuwa nikikukumbuka hivyo tangu ulipoondoka, ila nilikuwa na mwezi wa kushikilia. Kwanza Aprili, halafu Agosti, halafu Desemba.

Sasa usinitajie mwezi tena. Niandikie umekula nini, umevaa nini, mama Goretti amepika nini, nani amekuudhi kiwandani. Hayo ninayaweza. Fanya kazi yako, na ungoje jibu lako bila kuniona mimi nimesimama langoni, kwa sababu sisimami langoni, ninalima.

Na siku watakapokupa hizo karatasi, usiandike barua wala usimpigie Kemunto. Wewe panda ndege uje. Ukikuta nyumbani hakuna mtu, nitakuwa shambani. Usisimame kando ukaniita, njoo usimame mbele ya trekta ambapo macho yangu yanafika, kwa maana humu ndani simsikii mtu akiita.

Shangazi yako,
Nyanchama